Maneno Mawili Katika Nchi ya Fukuto

Msiniulize njia ya kwenda Fukuto. Waliofika hawakuchora ramani, na waliochora ramani hawakufika. Linalonihusu ni kwamba Sikudhani, mwokaji mikate, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye mikono mipana na subira fupi, aliingia huko siku ya Jumanne akiwa na kikapu cha mikate na nia moja tu: kumchukua mdogo wake Shomari na kurudi naye nyumbani.

Fukuto ni nchi ya joto, jina lenyewe limeshasema. Upepo hupita huko kama mgeni aliyepotea nyumba. Wenyeji wamelikubali joto hilo mpaka wamelifanya heshima. Ukikutana na mtu njiani hakuulizi habari za asubuhi, anakuuliza, "Latoka?" nawe wajibu, "Latoka, alhamdulillahi." Linalotoka ni jasho. Asiyejibu hutazamwa kwapani.

Mpakani afisa alimsogezea Sikudhani karatasi ya kahawia. Karatasi hiyo hupakwa iodini, ikikauka hunyunyiziwa unga laini wa muhogo. Mtu akikandamiza kiganja chake cha kulia, kila kitundu cha jasho huacha doa la buluu iliyoiva, na hakuna viganja viwili vinavyofanana. Watu wa Fukuto hawana sahihi wala dole gumba la wino. Sheria yao ya kwanza imechongwa juu ya kila mlango wa ofisi: *Neno lisilo na jasho si neno.*

Sikudhani alikandamiza kiganja kilichosimama mbele ya tanuri miaka ishirini. Karatasi ikajaa madoa mpaka pembeni. Afisa akawaita wenzake waje kutazama.

"Mama, hili ndilo jasho!" alisema kwa furaha ya kweli. "Karibu Fukuto. Sema utakalo."

"Nataka mdogo wangu."

"Hilo si la mlango huu," akajibu afisa, akamwita anayefuata.

Katikati ya mji umesimama Mnara wa Mvumo. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, huvaa simbi, kigamba kidogo cha pwani, sikioni, na mnara huchukua maneno ya watu na kuyamwaga ndani ya simbi hizo kutwa kucha: bei ya vitunguu, nani kaachika, Mheshimiwa kaamkaje. Kwenye kitako cha mnara wameandika *Lisemwalo lipo.* Nusu ya pili ya methali hawakupata nafasi ya kuichonga. Mnara haujanyamaza kwa miaka ishirini na sita, na wenyeji husema kimya ni msiba.

Huko juu kuna midomo sita ya shaba, kila mmoja mkubwa kama mlango wa ghala, nayo ndiyo inayotema mvumo. Midomo hiyo ikikosa mafuta kwa saa moja hukwama, kwa hiyo wapo wapakaji arobaini na mmoja wanaopanda na kupaka mafuta bila kupumzika. Mvumo ukifika mjini umeshachoka. Haumdhuru mtu zaidi ya joto la jiko la jirani. Lakini kusimama hatua moja mbele ya mdomo wenyewe, saa nane kwa siku, ni jambo jingine. Ngozi ya juu haionyeshi kitu, kinachoiva ni cha ndani. Na chini ya mnara kuna shimo lenye Jiwe, chakula cha mnara, nalo halina moto wala moshi. Anayelihudumia hasikii lolote, ila miezi ikipita vinyweleo vya mkono vinaondoka, na ngozi inakakamaa.

Shomari alikaa mwaka mmoja shimoni na miaka miwili juu. Sikudhani alimkuta nyuma ya ukuta, kwenye kivuli cha upana wa mkeka, anajimwagia maji ya kopo juu ya shati.

"Unafanya nini, Shomari? Mwanamume mzima unajiogesha barabarani?"

"Shikamoo, dada. Hili ndilo jasho langu. Lile la Mungu limekwisha."

Akampa mkono aushike. Jua lilikuwa la saa saba, Sikudhani mwenyewe alikuwa anachuruzika, na mkono wa ndugu yake ulikuwa wa moto na mkavu kama kigae. Akaurudisha polepole.

"Sikiliza, dada," Shomari alisema. "Mwaka jana mwenzetu Kombo alikuwa hivi hivi. Kiangazi kilipoingia tukapandishwa toka alfajiri mpaka magharibi. Adhuhuri akaanza kuzungumza na mama yake, naye mama yake alikwisha kufa zamani. Uso mwekundu, hauna hata tone. Kisha akaanguka. Unajua waliandika nini? Amekufa kwa uvivu wa ngozi."

"Na kiangazi cha mwaka huu kinaanza lini?"

"Kesho kutwa. Nikipanda sishuki."

"Basi hupandi. Funga mzigo wako."

Shomari akacheka kicheko kidogo kisicho na raha. Hakuna mpakaji anayeruhusiwa kuacha kazi wala kuvuka mpaka bila hati ya kuondoka, na hati hutiwa muhuri kwa kiganja cha mwenyewe. Alikuwa amekikandamiza mara saba mbele ya karani. Mara saba karani aliitazama karatasi kwa mbali na kumwambia: "Hukusema kitu. Anayefuata."

Sikudhani hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ile inayomfanya mtu afunge kanga upya, vizuri, kwa fundo la pili. Akamwambia ndugu yake amsubiri palepale, akaenda Ofisi ya Hati.

Mkuu wa Hati alikuwa Mheshimiwa Kizibo, ambaye pia ni mwenyekiti wa Baraza. Alikaa chini ya pangaboi tatu, amevaa koti. Pembeni yake, karibu na jiko la mkaa lililokolea, aliketi mtu mnene aliyefunikwa blanketi, anatiririka. Kila Mheshimiwa alipomaliza kuandika, mtu yule alinyoosha kiganja na kukandamiza karatasi.

"Na huyu ni nani?" Sikudhani aliuliza baada ya salamu.

"Msabaha. Huyu ndiye jasho langu."

"Kwetu, Mheshimiwa, kula jasho la mtu ni tusi."

"Hapa ni cheo," akajibu Kizibo bila chuki. "Nikusaidie nini, mama?"

"Mnara wenu umemkausha mdogo wangu. Hawezi kutia muhuri, kwa hiyo hawezi kuondoka, na kesho kutwa mnampandisha akafe."

"Pole sana. Kama mnara umemkausha, alete malalamiko."

"Ndiyo haya, nimeyaleta."

"Ni yako au yake?"

"Yake."

"Mgeni husema yaliyompata mwenyewe. Ayalete mwenye nayo, yakiwa na muhuri."

"Mheshimiwa, hana jasho la kutia muhuri! Ndilo lalamiko lenyewe."

"Basi hajalalamika," alisema Kizibo, akafungua daftari kubwa lenye kurasa safi. "Tazama. Miaka ishirini na sita, na hakuna mpakaji hata mmoja aliyekauka aliyeleta lalamiko lenye muhuri. Tunajivunia hilo. Wageni huja kutoka mbali kulitazama daftari hili."

Sikudhani akavuta pumzi. "Basi mpeni mtu wa kumtolea jasho, kama huyu wako."

"Uwakala ni kwa mtu mwenye jasho asiye na nafasi. Ndugu yako ana nafasi, hana jasho. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, mama."

Na alilisema hilo kwa upole, kwani alikuwa mtu mpole. Wakatili wa Fukuto wote ni wapole. Wakali walishaishiwa nguvu kwa joto.

Sikudhani alipokuwa anatoka, Msabaha akakohoa chini ya blanketi. "Mama," alinong'ona, "kesho kuna Baraza la Mnara. Kwa kanuni ya zamani, yeyote mwenye doa lake, hata moja, haki yake ni kusikilizwa. Watu wamesahau tu."

Hata moja. Sikudhani akanunua karatasi kumi za muhuri sokoni, akarudi nyuma ya ukuta ule, akamkalisha ndugu yake juani.

Karatasi ya kwanza ilitoka tupu. Ya pili vilevile. Shomari akataka kukunja mkono, dada yake akamshika. "Mkono mtupu haulambwi, najua. Lakini mimi nimekula chumvi na tanuri. Tulia." Ya tatu hakuitazama kwa mbali kama karani. Aliiinua mpaka puani, akaigeuza kwenye mwanga kama anavyoutazama mkate chini, kwenye tumbo lake.

Kwenye kidole cha mwisho na cha pili yake palikuwa na madoa. Yalikuwa madogo mno, lakini ya buluu.

"Ukiwa juu, mkono huu unashika nini?"

"Nguzo ya chuma. Hivi." Shomari akakunja mkono hewani, na vidole vile viwili vikapotea nyuma ya nguzo ambayo haikuwepo.

"Mkate huungua upande ulioelekea moto," alisema Sikudhani. "Upande mwingine hubaki mweupe. Hawa watu wamekuandika hapa, Shomari, wamekuandika kwa mkono wao wenyewe, na hakuna aliyesoma." Alijua amepata kitu.

Asubuhi ya Baraza ukumbi ulijaa. Nje, watu walikaa vibarazani na simbi masikioni, maana mnara hurusha kila neno linalosemwa ndani, na mjadala wa Baraza ndiyo ngoma wanayoipenda kuliko zote. Hata wapakaji arobaini waliokuwa juu walikuwa wakisikiliza, mikono ikipaka mafuta.

Nchi ile ina vyama viwili. Chama cha Hamna husema mnara haujamdhuru mtu. Chama cha Yote husema mnara ndio uliodhuru kila kitu. Siku hiyo msemaji wa Hamna, mwalimu mmoja mwembamba, alisimama na daftari safi la Kizibo mkononi.

"Ushahidi uko wapi?" alisema. "Nimesoma kurasa mia nne. Hamna!"

Wa Yote, Bi Mwanamvua, naye alikuja na mikokoteni miwili ya karatasi, zote zimelowa mihuri. "Mnara umegandisha uji wangu! Umemfanya mbuzi wangu atazame ukutani! Tangu uwashwe, mke wa mwanangu hanisalimu!" Watu wa Yote wakapiga makofi, kila mmoja akainua karatasi yake, na jasho lilikuwa la kweli hata pale ambapo maneno hayakuwa.

Walibishana kuhusu uji mpaka saa tatu. Halafu wakabishana kuhusu mbuzi. Shomari alikaa mstari wa nyuma, shati linakauka mwilini, pumzi zinaanza kuwa fupi, na hakuna aliyemtupia jicho. Kwa Hamna alikuwa hayupo. Kwa Yote alikuwa mdogo mno, mtu mmoja mwenye ngozi kavu, si kitu mbele ya mbuzi yule.

Sikudhani akasimama. "Naomba kuuliza. Humu ndani kuna mtu aliyewahi kuupanda huo mnara?"

Viongozi wa vyama vyote viwili wakatazamana, na kwa mara ya kwanza walionekana kukubaliana.

"Mgeni husema yaliyompata mwenyewe," Kizibo akamkumbusha.

"Sisemi. Ninaleta doa." Akamwinua ndugu yake, akamtembeza mpaka mbele, akaweka karatasi mpya mezani, akakibonyeza kiganja cha Shomari juu yake kwa uzito wake wote. Kisha akaiinua juu watu waone: kiganja kizima kilichofutika, na vidole viwili vilivyobaki. "Huku ndiko kulikotazama mdomo wa mnara. Huku kulikuwa nyuma ya chuma. Mwenye macho haambiwi tazama."

Mwalimu wa Hamna akasema madoa ni machache. Bi Mwanamvua akasema ni mengi mno, anaficha kitu. Msabaha, ambaye hakuulizwa, akasema kwa sauti kutoka ndani ya blanketi: "Hata moja, Mheshimiwa. Kanuni ya nne."

Kizibo alikuwa mtu wa sheria, na sheria alikuwa anaiheshimu hata ilipomkera. Akafungua kitabu, akasoma muda mrefu, akaandika hukumu, Msabaha akaitia muhuri. Nayo hukumu, naiandika kama ilivyosomwa, ilikuwa hii: kwa kuwa vidole vitano ni usemi kamili, na kwa kuwa mwombaji ameleta vidole viwili, basi mwombaji anaruhusiwa kusema maneno mawili.

Hakuna aliyecheka. Fukuto nzima iliona ni haki. Karani akageuza shanga mbili kwenye uzi, tayari kuhesabu.

Sikudhani akamvuta ndugu yake sikio. "Mawili yanatosha! Mungu mkubwa. Sema, *Nataka kuondoka.* Ni mawili kamili, na neno lenye muhuri lazima litekelezwe kabla ya jua kutua. Jioni tuko njiani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"*Nataka kuondoka.*"

Shomari akalamba midomo. Dirishani, mnara ulionekana mzima, na juu yake watu arobaini wadogo kama sisimizi, kila mmoja na kopo lake la mafuta. Alikuwa anawajua kwa majina. Alijua nani amekauka mgongo, nani amekauka uso, nani amekauka viganja tu, usoni bado linatoka, na anadhani yeye atasalimika. Aliwatazama kitambo. Akainua kichwa, na sauti yake ikaingia kwenye mvumo, ikapanda mnara, ikamwagika ndani ya kila simbi.

"Teremkeni wote."

Karani akateremsha shanga ya kwanza, kisha ya pili.

Sikudhani akamgeukia ndugu yake. Safari yote ile, karatasi zote zile, na mpumbavu huyu ametoa mlango wake kuwapa watu! Alitaka kumzaba kibao. Kisha akamwona alivyosimama, mkavu, mwekundu, lakini amesimama, na aibu ikamwingia kwa hasira yake, na nyuma ya aibu fahari kubwa. Akamshika mkono asianguke.

"Maneno hayo hayakuelekezwa kwa Baraza," alisema Kizibo.

"Kanuni haisemi yaelekezwe kwa nani," Msabaha akajibu.

Huko juu mtu mmoja aliweka kopo lake chini. Mwingine akaweka la kwake. Neno lilikuwa na muhuri, na kwa miaka ishirini na sita hawakuwahi kusikia neno lenye muhuri lililosemwa na mtu wao. Wakaanza kuteremka, ngazi kwa ngazi, wakimshikilia katikati mwenzao mmoja aliyekuwa ameanza kuweweseka.

Saa moja baadaye mdomo wa kwanza ulikwama. Wa pili ukafuata. Adhuhuri haijafika, Mnara wa Mvumo ukatoa mlio wa koo kavu, ukanyamaza.

Watu walitoa simbi masikioni wakazitikisa. Wengine walilia. Mji ule ulisikia sufuria zake, watoto wake, kuku wake, vitu vilivyokuwepo siku zote. Mwalimu wa Hamna akatangaza kwamba hamna kilichotokea, na Bi Mwanamvua akasema kimya hiki kimegandisha uji kuliko mvumo. Sauti zao hazikufika hata mlangoni.

Kizibo akatoka nje na koti lake. Wapakaji walikuwa wamekaa chini mbele ya mnara, wamejipanga, Shomari kati yao, watu wanawapitishia ndoo za maji.

"Rudini juu," alisema.

Hawakusogea.

"Mnataka nini basi?"

Hawakujibu. Kizibo akasubiri kama muungwana. Akauliza mara ya pili, na ya tatu, na hapo ndipo alipokumbuka. Watu wa viganja vikavu hawana neno. Ameyaandika mwenyewe, ameyasoma kwa sauti, na Shomari maneno yake mawili yameshahesabiwa. Watu arobaini na mmoja walimtazama kwa utiifu kamili wa sheria, midomo imefungwa, na nchi nzima imesimama nyuma yake ikimsubiri arudishe mvumo.

Akageuka. "Wewe, mgeni. Waulize wanataka nini."

"Mgeni husema yaliyompata mwenyewe," alisema Sikudhani.

"Leo unaruhusiwa."

"Neno lisilo na jasho si neno, Mheshimiwa. Niandikie."

Kizibo akaandika, amesimama, karatasi juu ya paja. Msabaha akaletwa, na siku hiyo alikandamiza kwa nguvu kuliko siku zote.

Sikudhani akaikunja hati, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaketi mavumbini kati ya wapakaji. Akaanza na Shomari. Aliweka sikio mdomoni mwake, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwa wa pili, kisha kwa wa tatu, akasikiliza. Hakuharakisha. Jua lilikuwa utosini.

"La kwanza," alisema hatimaye. "Mnara uzimwe kidogo kila saa, na mafuta yapakwe wakati huo, ndani ya kimya. Akiwepo mtu juu, mvumo usiwepo. La pili, hati ya kuondoka kwa kila anayeitaka, kwa kidole chochote, kwa doa lolote, na asiye na doa hata moja aaminiwe hivyo hivyo. La tatu, Kombo aandikwe upya katika daftari lako. Uandike kilichomuua."

"Nimesikia," alisema Kizibo, na tayari alikuwa anajifuta shingo. "Ndiyo yote?"

"Huyo alikuwa mpakaji wa tatu, Mheshimiwa. Wako arobaini na mmoja. Kaa chini."

Mheshimiwa akatafuta kivuli, hakukiona, akavua koti na kuketi juani.